Mbwa akiuma, weka panga chini uhesabu siku 10

KATIKA vijiji vingi vya mteremko wa Mlima Kilimanjaro, mbwa akimng'ata mtu au akivamia mbuzi wa jirani, kitu cha kwanza kutafutwa ni panga. Vijana wanakusanyika, mbwa anafukuzwa migombani mpaka anapatikana, anauawa na kufukiwa, na watu wanarudi makwao wakiamini kwamba shauri limekwisha.

Kwa upande wa hesabu, hapo ndipo hasara inapoanza kukua. Mbwa aliyekwisha kufukiwa hawezi tena kumwambia mtu yeyote kama alikuwa na kichaa au hakuwa nacho. Kwa sababu hiyo mtoto aliyeng'atwa lazima amalize sindano zote, mbuzi aliyejeruhiwa anakuwa wa kutiliwa shaka kwa miezi, na maziwa ya ng'ombe aliyekwaruzwa hayana mnunuzi. Mbwa huyo huyo, kama angefungwa mnyororo imara na kupewa maji na chakula kwa siku 10, angeweza kuyajibu maswali hayo yote bila gharama kubwa.

Makala haya yanahusu siku hizo 10, na fedha ambazo mkulima au mfanyabiashara mdogo anaweza kuzipoteza au kuziokoa kabla hazijaisha.

Tuanze na mazingira yenyewe. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sensa ya mwaka 2022, na wengi wamebanana katika ukanda wa migomba na kahawa. Kihamba kimoja kinapakana na kingine kwa mstari wa masale tu. Njia ya miguu inayokwenda kwa jirani mara nyingi inapita nyuma ya jiko lako. Ng'ombe wa maziwa na mbuzi wanafugwa ndani, wanakatiwa majani na hawatoki. Katika eneo la namna hiyo mbwa ni mlinzi wa kahawa iliyoanikwa, wa mkungu uliokomaa, na wa zizi. Mchana hufungwa, usiku hufunguliwa. Shida ni kwamba usiku wa mbwa haumaliziki wakati mmoja na usiku wa binadamu. Mama anayewahi soko la Kiboriloni na mzigo wa ndizi anatoka kabla hakujapambazuka, kijana wa bodaboda anamfuata abiria alfajiri, mtoto anapeleka maziwa kituoni kabla ya kwenda shule. Wote hao wanakutana na mbwa ambaye bado yuko kazini.

Halafu kuna mwezi wa Desemba. Wenyeji wa huku wanaoishi Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na kwingineko wanapanda nyumbani kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya, wakiwa na wajukuu ambao mbwa hajawahi kuwanusa. Mbuzi wanachinjwa nyumbani, matumbo yanatupwa nyuma ya nyumba, na mbwa wa mtaa mzima wanakusanyika kugombania. Mtoto wa mjini anayetaka kumshika mbwa mwenye mfupa mdomoni hajui anachokifanya, na mbwa naye hamjui mtoto.

Saa ya kwanza

Mtu akishang'atwa, kabla ya kuuliza mbwa ni wa nani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Si kwa kitambaa chenye maji, wala si kwa dakika mbili. Virusi vya kichaa cha mbwa viko kwenye mate, na sabuni ya kufulia inaviua. Maji ya mfongo au ya bomba, kipande cha sabuni ya mche, na mtu mmoja wa kuangalia saa, vinatosha kwa hatua hii. Naisisitiza kwa sababu ndiyo tiba pekee ambayo kila nyumba inayo na ambayo haina bei, lakini ndiyo inayorukwa. Badala yake watu hupaka pilipili, mafuta ya taa, majivu au majani yaliyotwangwa. Vitu hivyo havisaidii, na baadhi vinalichubua jeraha zaidi.

Baada ya hapo ni hospitali, siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi na ile ya rufaa ya KCMC zipo Moshi, lakini anayeishi mbali aanzie kituo cha afya kilicho karibu aulize chanjo inapatikana wapi, maana si kila zahanati inayo. Kupiga simu kabla ya kupanda gari kunaokoa nauli. Kwa jeraha kubwa, daktari anaweza kuongeza dawa nyingine ya kinga inayodungwa kwenye jeraha lenyewe.

Dalili za kichaa kwa binadamu kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa zinaweza kuja baada ya wiki moja au kuchelewa hata mwaka. Zikishajitokeza, tiba hakuna na mgonjwa hufariki. Ndiyo maana maneno ya “tusubiri tuone” hayana nafasi kwa aliyeng'atwa. Anayesubiriwa ni mbwa, na mtu anaanza sindano wakati mbwa anasubiriwa.

Kwa nini siku 10

Mbwa mwenye kichaa hutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuanza kuugua mwenyewe, na akianza kuugua hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo mbwa aliyeng'ata leo, na siku ya kumi bado anakula, anakunywa na kumtambua mwenye nyumba, hakuwa na virusi kwenye mate yake siku ile aliyong'ata. Hivyo ndivyo siku 10 zilivyopatikana. Si mila wala kubahatisha.

Sasa tufanye hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano. Kila msomaji aweke za mahali pake. Tuseme dozi moja ya chanjo kwa binadamu inauzwa Sh 30,000. Tuseme aliyeng'atwa ni mtoto, anasindikizwa na mama yake, na nauli ya kwenda na kurudi mjini ni Sh 6,000 kwa kila mmoja. Tuseme pia kila safari inampotezea mama siku ya kazi yenye thamani ya Sh 10,000. Safari moja ya hospitali inakuwa Sh 52,000.

Kwa utaratibu wa zamani wa kudunga kwenye msuli, mgonjwa huhudhuria siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, yaani safari tano, sawa na Sh 260,000. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu mfupi wa sindano ndogo ndani ya ngozi, ambao unamalizika siku ya 7 kwa safari tatu, yaani Sh 156,000 kwa mfano wetu. Utaratibu upi utumike ni uamuzi wa hospitali, si wa mzazi.

Chanjo ya mbwa mwenyewe tuiweke Sh 5,000 kwa mwaka, ingawa katika kampeni za halmashauri inaweza kuwa pungufu au bure. Gharama ya mtoto mmoja kwa utaratibu ule mfupi ingemchanja mbwa mmoja kwa miaka 31, na hakuna mbwa anayeishi miaka hiyo.

Lakini mtoto siye hesabu yote. Mbwa anayepita kijijini akiuma mara chache huuma kiumbe mmoja. Ameng'ata mtoto, amemkwaruza mtoto wa pili, amemrarua mbuzi, na kuna anayedai alimwona akitoka kwenye banda la ng'ombe. Mbwa akiuawa jioni ile, wote hao wanabaki kwenye shaka. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, daktari anaweza kusitisha dozi zilizobaki kwa walio kwenye utaratibu mrefu, na mifugo yote inatolewa kwenye lawama kwa mara moja.

Hapo kwenye mifugo ndipo fedha nyingi zinapopotea bila watu kutambua. Mwenye ng'ombe wa maziwa anayesikia kwamba mbwa “mwenye kichaa” aliingia bandani kwake huingiwa na hofu na kumtafuta dalali. Tuseme ng'ombe ana thamani ya Sh 1,500,000, naye anamwachia kwa Sh 700,000 ili aondoke haraka. Amepoteza Sh 800,000 kwa ajili ya ugonjwa ambao pengine haukuwapo. Na kama ugonjwa ulikuwapo, amempelekea mtu mwingine hatari bila kumwambia, jambo ambalo ni baya zaidi ya hasara. Mbwa mmoja aliyefungwa nyuma ya nyumba ya balozi wa nyumba kumi angemwokoa na yote mawili.

Mbwa asipoonekana tena, au akiwa hana mwenyewe, hesabu ya siku 10 haipo. Aliyeng'atwa anamaliza sindano zote, na mnyama aliyeng'atwa anatengwa. Muda wake ni wa miezi, hadi sita, si wiki mbili. Bwana mifugo ndiye wa kusema lini atoke.

Nani amfunge

Kuna tofauti kati ya mbwa aliyemng'ata mgeni aliyeingia getini bila kubisha hodi na mbwa aliyetoka kwao, akavuka vihamba vitatu na kung'ata kila alichokutana nacho kimyakimya bila kubweka. Huyo wa pili, mwenye udenda unaotiririka, taya lililolegea, sauti iliyobadilika, anayetafuna miti na mawe au anayeyumba miguu ya nyuma, asishikwe kwa mikono na mtu yeyote. Kama ameingia chumbani au bandani, fungeni mlango kwa nje mkamwite ofisa mifugo wa kata. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, kwa hiyo kumwita si hisani mnayomwomba.

Ikilazimu mbwa auawe kwa sababu ni hatari kwa watu, basi asipigwe kichwani. Kipimo cha maabara hufanywa kwenye ubongo, na rungu likishauponda ubongo sampuli imekwisha. Mzoga usiburutwe kwa mikono mitupu na usifukiwe kabla ofisa mifugo hajafika. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo Arusha, na ofisa mifugo anajua namna ya kufikisha sampuli. Ni ajabu kidogo kwamba tunagharamia rungu na panga, kisha tunalalamika kwamba majibu hayapatikani.

Ng'ombe na mbuzi nao waangaliwe. Ng'ombe mwenye kichaa mara nyingi huonekana kama amekwamwa na kitu kooni: anatoa udenda, hawezi kumeza, analia kwa sauti iliyokwaruza mfululizo. Mfugaji mwenye huruma huvua shati akaingiza mkono hadi kooni kutafuta kiazi au kokwa la parachichi. Hapo mkono wenye mchubuko unakutana na mate yenye virusi, na huyo mfugaji naye sasa anahitaji sindano bila ya kung'atwa na mbwa yeyote. Kama ng'ombe amewahi kuvamiwa na mbwa katika miezi iliyopita, usiingize mkono.

Maziwa ya mnyama anayeshukiwa yasinywewe wala kupelekwa kituoni. Kuchemsha huua virusi, lakini kwenye vyama vya wafugaji, kama ule wa akina mama wa Nronga wilayani Hai ulioanza mwaka 1988, maziwa ya nyumba nyingi huingia kwenye chombo kimoja, na habari mbaya ya ng'ombe mmoja inaweza kuangusha mauzo ya wote. Nyama yake pia isiuzwe wala kuliwa bila ruhusa ya mtaalamu.

Mbuzi aliyeuawa analipwaje

Visa vingi kati ya mbwa na mifugo havina ugonjwa wowote ndani yake. Mbwa wawili au watatu waliofunguliwa usiku wanaungana, mbuzi anashtuka na kukimbia, na mbio zenyewe ndizo zinazowachochea mbwa. Asubuhi kuna mbuzi wawili wamekufa na wa tatu hawezi kusimama. Mbwa wanaonekana majumbani mwao wamelala kama watakatifu.

Wachagga wana njia yao ya kulianza jambo hili, nayo ni isale. Mwenye mbwa anayekwenda kwa jirani yake na jani la isale mkononi amekiri kosa na anaomba msamaha, na kwa desturi si rahisi kumkatalia. Mimi naiona kama taasisi ya kiuchumi yenye thamani kubwa: inazuia majirani wanaogawana njia, mfongo na ukoo kupelekana polisi kwa mbuzi wawili. Mzee wa ukoo anakaa kati, mbege inaletwa, na bei inazungumzwa.

Kinachoharibu mazungumzo hayo ni bei yenyewe. Mwenye mbwa anataka kulipa bei ya nyama buchani. Mwenye mbuzi anataka bei ya ndafu ya harusi. Ukweli uko kwenye kazi ambayo mbuzi yule alikuwa anaifanya. Dume la kunenepesha lithaminiwe kwa bei ya soko la karibu siku ya mnada, kwa mfano Himo au Mwika, si kwa bei ya Desemba kama tukio ni la Aprili. Jike lenye mimba lina thamani yake pamoja na sehemu ya thamani ya mtoto aliyekuwa tumboni, na mbuzi wa maziwa anaongezewa maziwa ya muda ambao mwenyewe atakaa bila mbuzi mwingine. Tuseme mbuzi jike wa kawaida ni Sh 120,000 na mtoto wake akiachishwa angeuzwa Sh 50,000. Si haki kudai Sh 170,000 kamili, maana mtoto yule alikuwa bado hajazaliwa, angeweza kufa, na angekula. Lakini si haki pia kulipa Sh 120,000 kama vile mimba haikuwapo. Sh 140,000 ni mahali pazuri pa kuanzia maongezi.

Kabla ya kufukia au kuchuna, mwenye mbuzi amwite mwenyekiti wa kitongoji na jirani mmoja asiye wa ukoo waone mzoga. Picha ya simu inasaidia. Nyayo, manyoya na damu mdomoni mwa mbwa viangaliwe asubuhi ile ile, si baada ya kanisa. Na makubaliano yaandikwe hata kama mnapendana: nani analipa nini, lini, na nini kitatokea endapo yule mbuzi wa tatu aliyejeruhiwa atakufa baada ya wiki mbili. Karatasi hiyo isainiwe na mashahidi, nakala moja ibaki kwa mwenyekiti. Isale inaondoa hasira, lakini haikumbuki tarakimu.

Aliyejeruhiwa ni mtu, mambo yanakuwa mazito zaidi. Kanuni ya Adhabu inataja kuwa ni kosa kwa mtu kutochukua tahadhari juu ya hatari inayoweza kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake. Aidha, aliyeng'atwa anaweza kudai fidia ya matibabu na ya kipato alichopoteza, hivyo atunze risiti zote, tiketi za nauli, na fomu ya polisi, yaani PF3, kama amekwenda kuripoti. Katika madai ya namna hii swali moja huwa na uzito: je, mwenye mbwa alijua kwamba mbwa wake ana tabia ya kung'ata?

Swali hilo liwafikirishe wenye maduka na maghala ya mjini Moshi, walioweka kibao cha “Mbwa Mkali” wakidhani kimewakinga. Kibao kinamwonya mgeni anayejua kusoma na anayefika mchana. Kwa upande mwingine kinaweza kuwa ushahidi kwamba mwenye duka alijua kabisa mbwa wake ni wa namna gani. Mwenye mbwa wa namna hiyo ahakikishe amefungwa kabla mfanyakazi wa kwanza hajafika asubuhi, na jukumu hilo liwe la mtu mmoja anayejulikana kwa jina, si la “yeyote atakayewahi”.

Mbwa afanyweje baada ya hapo

Siku ya kumi imepita, mbwa ni mzima, mbuzi wamelipwa. Wengi humwuza mbwa au kumpeleka kwa ndugu kule kwenye mashamba ya chini. Kumhamisha mbwa mwenye tabia ya kuua mbuzi na kumpeleka ukanda wa tambarare, ambako mbuzi wanachungwa wazi, ni sawa na kumhamishia mtu deni bila kumwonyesha daftari. Kama ni lazima ahame, anayempokea aambiwe.

Anayebaki naye anaweza kupunguza hatari kwa gharama ndogo. Waya mnene ukifungwa kati ya nguzo mbili na mnyororo ukateleza juu yake, mbwa anapata mita 10 au 15 za kulinda bila kutoka kwenye kihamba. Mbwa anayefungwa kwenye mti kwa kamba fupi mchana kutwa huwa mkali zaidi, tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Kuhasi madume kunapunguza kuzurura, hasa kipindi jike wa jirani anapokuwa na joto, na ndicho kipindi ambacho makundi ya usiku huundwa. Chakula nacho kina mchango: mbwa anayelala njaa hajitafutii kwenye migomba, anajitafutia kwenye mabanda ya kuku.

Matumbo mabichi asipewe. Mbali na kumzoesha damu, mapafu na maini yenye malengelenge ya maji humpa mbwa minyoo ambayo mayai yake humrudia binadamu na kujenga uvimbe kwenye ini. Yachemshwe au yafukiwe kwa kina.

Mbwa aliyemng'ata mtu vibaya bila kuchokozwa, kwa mara ya pili, siwezi kumtetea kwa hesabu yoyote. Baada ya siku 10 daktari wa mifugo anaweza kumlaza kwa sindano.

Mbwa saba kati ya kumi

Sehemu iliyobaki ya gharama haimo ndani ya uzio wa mtu mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, ukiongozwa na Sarah Cleaveland, ulikadiria kwa kutumia majeraha ya kung'atwa na mbwa kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza karibu watu 1,500 kwa mwaka kwa kichaa cha mbwa, wakati taarifa rasmi zilikuwa zikionyesha wastani wa vifo visivyozidi 11. Waliobaki walikufa majumbani na kuzikwa bila kuandikwa popote. Duniani kote makadirio ya mwaka 2015 yalikuwa vifo 59,000 kwa mwaka, na kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Chanjo ya binadamu imekuwapo tangu Louis Pasteur alipomdunga mtoto aliyeng'atwa huko Ufaransa mwaka 1885. Lakini kumchanja aliyeng'atwa kila mara ni kuzoa maji huku bomba liko wazi. Ugonjwa unakatika pale asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapokuwa wamechanjwa, kwa sababu mbwa mgonjwa mmoja kwa wastani huambukiza wengine wachache tu, na wengi wao wakiwa na kinga mnyororo unakatika. Kisiwa cha Pemba kimeonyesha kwamba inawezekana. Kampeni za kuchanja mbwa, sambamba na mradi uliofanyika pia kusini mashariki mwa Tanzania Bara kuanzia mwaka 2010, ziliuondoa ugonjwa kisiwani. Ukaingia tena baadaye, kampeni zikarudiwa kwa nguvu, na mwaka 2018 ukaondolewa kwa mara ya pili.

Moshi haina bahari ya kuuzunguka, na mbwa wa Same, Siha au Arusha hawasomi mipaka ya wilaya. Kwa hiyo kampeni ya mwaka mmoja haitoshi, kwa sababu mbwa wanazaliwa na kufa haraka, na ile asilimia 70 ya mwaka huu inashuka yenyewe mwakani. Hapa ndipo mtu mwenye mbwa wanne anapowapunja wenzake: anapeleka mmoja aliye mtulivu, anawaacha wawili wakorofi kwa kuwa hawashikiki, na mtoto wa mbwa anabaki nyumbani kwa kuwa “bado mdogo”. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa mbwa nao wachanjwe kwenye kampeni, hata walio chini ya miezi mitatu. Wakorofi ndio wanaong'ata, hivyo ndio wa kuanza nao. Wafungwe kamba tangu jioni ya kuamkia siku ya chanjo, wapelekwe na mtu mzima wanayemtii, mmoja mmoja, asubuhi kabla foleni haijajaa mbwa wa watu wengine.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa Septemba 28 kila mwaka, na chanjo mara nyingi hutolewa karibu na tarehe hiyo. Kwa wakazi wa mlimani ni wakati mzuri, miezi mitatu kabla ya wajukuu kufika. Ambaye kata yake haikupangiwa kampeni aende kwa daktari wa mifugo na kuulizia bei ya kuchanja mbwa wa nyumba kumi kwa pamoja, maana chupa moja ya chanjo mara nyingi ina dozi kadhaa na ikishafunguliwa haikai. Kadi ya chanjo iwekwe pamoja na kadi ya uhamilishaji ya ng'ombe. Siku mbwa atakapomng'ata mtu, hiyo kadi ndiyo daktari atakayoiulizia kwanza.